Taa ya Injini na Mkwe Wangu wa Kabasa

Nianze na kosa langu, nisije nikaambiwa nimelificha. Taa ya injini kwenye gari yangu niliizima mimi. Si fundi, si mtu mwenye kijicho. Mimi mwenyewe, mchana kweupe, uani kwangu Butiama, nilifungua dashibodi kwa bisibisi, nikachomoa kibalbu kidogo kama punje ya mtama, nikakitupa kwenye kopo la misumari. Kilikuwa kinawaka njano kila siku na huku gari inakwenda. Nikasema huyu ni mmbea tu, na mmbea dawa yake ni kufungwa mdomo.

Gari yenyewe ni ya zamani, ya watu wanane, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya mgando. Nimeipata kwa jasho langu. Shule niliishia darasa la pili, baba akanitoa nikachunge. Nilianza na baiskeli, nabeba samaki kutoka ziwani nawapandisha milimani. Baiskeli ikazaa pikipiki, pikipiki ikazaa gari. Wengine niliokaa nao dawati moja waliendelea kusoma, na leo wananisimamisha barabarani niwape lifti. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Kazi ya gari ni watoto. Asubuhi nachukua wanafunzi sita wa kijijini kwetu, nawapeleka shule moja iliyoko Mwisenge, Musoma mjini, na jioni nawarudisha. Mmoja wao ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa tatu, ana miaka saba na anaongea kuliko redio.

Sasa kabla shule hazijafunguliwa, magari yote yanayobeba wanafunzi yakaitwa kwenye ukaguzi. Nikaenda Jumanne. Nimeosha gari, nimenunua mtungi mpya wa kuzimia moto, nimevaa na koti. Askari aliyenipokea alikuwa kijana mwembamba, mpole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kagua, nina haraka."

Akakagua. Breki nzuri. Mataa mazuri. Mikanda yote ipo. Akapiga piga matairi, akaridhika. Mimi nikaanza kutafuta kalamu ya kusaini. Ndipo akaingia ndani, akafungua swichi bila kupiga stata, akakaa anatazama dashibodi.

"Mzee, taa ya injini iko wapi?"

"Haijawaka kwa sababu injini ni nzima."

"Hapana, mzee wangu. Nikifungua swichi taa zote lazima ziwake kwanza. Injini ikishanguruma ndipo zinazima. Ambayo haiwaki kabisa, hiyo imekufa."

"Basi imekufa kwa uzee. Mimi mwenyewe meno mawili yamekufa na mahindi ya kuchoma nakula."

Akacheka mpaka akavua kofia. Lakini stika hakunipa. "Ijumaa uirudishe. Bila hiyo taa, Jumatatu hubebi mtoto hata mmoja."

Hapo ndipo penyewe. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kutuambia kwamba gari isiyo na stika haivuki geti. Na kuna jamaa mmoja mwenye gari mpya alikuwa anawazungukia wazazi wa watoto ninaowabeba likizo nzima, anawaonyesha viti vyenye manyoya. Nikikosa Jumatatu moja tu, kazi imekwenda. Na mtu wa umri wangu akishakaa nyumbani wiki mbili, watu wanaanza kumletea uji.

Jumatano nikaenda kwa fundi mmoja pale Nyasho. Mafundi wengi wa Musoma tumekwisha kukosana kwa sababu nasema ukweli juu ya kazi zao, lakini huyu alikuwa hajanijua. Nikamweleza. Akacheka kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Mzee, hiyo ni kazi ya dakika kumi. Naweka balbu, halafu waya wake naupeleka kwenye taa ya oili. Ukifungua swichi zinawaka zote mbili. Ukipiga stata zinazima. Nani atajua?"

"Na ugonjwa wa injini?"

"Mzee, unataka kutibu au unataka stika?"

Nikamwambia nataka stika. Na kweli baada ya dakika kumi nikafungua swichi, taa hizo mbili zikawaka, nikapiga stata, zikazima. Nikaondoka pale napiga mluzi. Njia nzima najisifu kwamba waliosoma wana vyeti, sisi tuna akili.

Alhamisi ilinibidi kwenda Bunda. Mjukuu alikuwa amekaa likizo kwa bibi yake mzaa mama, pale Kabasa, na Jumatatu ni shule. Na hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo hutaelewa yaliyonikuta.

Huyo bibi, mama wa mke wa mwanangu, ni mkwe wangu. Kwetu mkwe ni mtu mzito. Hupeani naye mkono, humkazii macho, huli naye sahani moja, na juu ya yote humkemei wala yeye hakukemei. Hata kiti alichokalia hukikalii kabla hakijapoa. Mimi ninayesemaga na kila mtu ninavyotaka, kwa mkwe nakuwa kama kijana wa kipaimara.

Na huyo mkwe ni fundi umeme wa magari. Ndiyo, mwanamke. Marehemu mumewe alikuwa na karakana hapo hapo uani, akamfundisha kusuka stata na dainamo, na alipofariki mama akaendelea. Bunda nzima wanampelekea. Utauliza kwa nini sikwenda kwake tangu mwanzo. Kwa sababu nilizima taa mwenyewe, na mambo kama hayo huyapeleki kwa mkwe. Utaanzia wapi?

Nikafika. Akatoka karakana, amejifunga kanga juu ya ovaroli kwa ajili yangu. Akasimama mbali kidogo, anatazama chini.

"Karibu, mkwe. Habari za huko?"

"Nzuri, mkwe. Nimemfuata mtoto."

"Anamalizia ugali. Naona gari imeoshwa."

"Ina ukaguzi kesho."

Hapo nikafanya ujinga. Nilitaka aone kwamba gari yangu haina shida. Nikafungua swichi mbele yake, taa zikawaka, nikapiga stata, zikazima. Nikazima gari nikatulia, najiona.

Yeye akasogea, lakini si kwangu. Akaenda mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti kama unavyompapasa ng'ombe, akaanza kuongea nayo.

"Wewe gari, nakuuliza. Taa yako ya oili na taa yako ya injini siku hizi zimeoana?"

Nikaanza kufuta kioo kilichokuwa safi.

"Zinaamka pamoja, zinalala pamoja. Hata mimi na marehemu tulipendana, lakini alikuwaga anatangulia kuamka. Nani aliyewafungisha hii ndoa, ee gari?"

Jasho likanitoka chini ya koti. Angekuwa fundi mwingine ningemwambia ashike lake. Lakini mkwe hajasema na mimi. Amesema na gari. Nitamkemea kwa lipi? Nikaona na mimi nijibu huko huko.

"Gari," nikasema, "mwambie anayekuuliza kwamba ni fundi wa Nyasho."

"Gari, na fundi wa Nyasho alitumwa na nani?"

Nikakohoa. Gari haikujibu.

Akaomba ruhusa, bado kwa gari, akaleta gunia safi akalitandika kwenye kiti changu ndipo akakaa, ili joto lake lisinikute. Akafungua dashibodi, akakata ndoa ile ya waya, akarudisha kila waya kwake. Akashuka na gunia lake. "Sasa gari iwashwe," akasema.

Nikawasha. Taa ya oili ikazima. Ya injini ikabaki inawaka, njano, inanitazama vile vile kama zamani.

"Ina neno," akasema mkwe. "Tuisikilize."

Mashine ya kupimia anayo, ile ya kuchomeka, lakini gari yangu ni ya zamani hata tundu lake haina. Akasema magari ya umri huo yana njia yake. Kuna kiboksi kidogo karibu na injini chenye vitundu. Ukiunganisha vitundu viwili kwa kipande cha waya, swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, taa ya injini inaanza kupepesa, na kila ugonjwa una namba yake ya kupepesa. Tatizo kiboksi changu kilikuwa kimelegea, lazima waya ushikwe kwa mkono. Kwa hiyo yeye akae mbele ashike, na mtu mwingine akae ndani ahesabu. Na mtu mwingine ni nani? Ni mimi.

Akainua boneti. Nikakaa ndani. Ndipo nikagundua kwamba simwoni, na yeye hanioni. Boneti ile imesimama katikati yetu kama pazia. Nafikiri naye aliligundua wakati ule ule, maana sauti yake ilibadilika. Ikawa sauti ya mtu tu.

"Mkwe, unaona nini?"

"Imepepesa mara mbili. Imenyamaza kidogo. Mara mbili tena. Sasa kimya kirefu."

"Endelea."

"Mbili. Kidogo. Tano. Kimya kirefu. Sasa inarudia mwanzo."

"Una hakika?"

"Mkwe, nimehesabu mbuzi wakitoka zizini tangu nina miaka sita. Taa haiwezi kunishinda."

Nikamsikia anacheka huko nyuma ya bati. Halafu nikasikia kurasa zinafunuliwa, lile daftari la marehemu mumewe la namba za magonjwa, lililojaa grisi, akasoma. "Mbili na mbili ni sensa ya joto la maji. Haisikiki kabisa, kama imekatwa." Akasubiri. "Mkwe?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini mashine ilikuwa imesema na mimi bila kunitaka nijue kusoma, imesema kwa hesabu ninayoijua, na imesema kweli. Nikaona aibu kuwa mwongo kuliko gari.

"Imekatwa," nikasema. "Nimeikata mimi. Mwaka ule gari ilipokuwa inachemsha mlimani kwetu. Nilitoa na themostati, kile kilango cha kuzuia maji mpaka injini ipate moto, nikaitupa, feni nikaiwekea swichi yake chini ya usukani, ikae inazunguka saa zote. Waya wa sensa ulikuwa njiani, nikaukata. Na kuchemsha kuliisha."

"Kuliisha, ndiyo. Na injini ikawa inajiona iko kwenye baridi miaka yote, inakunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi."

"Mafuta inakunywa kweli."

"Na mbili na tano ni hewa inayoingia pasipotakiwa." Nikasikia mkono wake unapapasa kwenye injini, kisha ukasimama. "Mkwe. Hiki nini?"

Nilijua ameshika nini. "Mrija wa dripu," nikasema. "Mpira wa hewa ulipasuka, mama watoto alikuwa ametoka zahanati, mrija ukabaki."

Alicheka mpaka waya ukamponyoka na taa ikaacha kupepesa. "Jamani! Gari imelazwa na dripu haijatolewa!"

"Imenifikisha Mwisenge miaka miwili, hiyo dripu."

"Haya. Na taa?"

"Taa pia niliitoa mimi. Kwa bisibisi."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, ulipomleta mtoto Pasaka. Mimi macho yangu yanaanzaga kwenye dashibodi ndipo yanamwona mtu. Nikaona haiwaki." Nikasikia anafunga daftari. Aliporudi kusema, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mwaka mzima nampakia mjukuu wetu humo, nakupungia mkono, nanyamaza, kwa sababu wewe ni mkwe. Ingezimikia kwenye kona na lori nyuma, huo ukwe ungenisaidia nini? Wewe uliziba mdomo wa gari, mimi nikaziba wangu. Kwa hiyo usijione uko peke yako kwenye hili kosa."

Nilikaa nimeshika usukani wa gari iliyozimwa. Nimeishi miaka mingi nikijua kwamba mimi ndiye ninayewasemea watu ukweli. Kumbe kuna mtu alikuwa ananihurumia mwaka mzima.

"Tutengeneze," nikasema.

"Tutengeneze, mkwe."

Kazi ilichukua mpaka saa kumi jioni. Sensa yenyewe ilikuwa nzima, ilikuwa imenyamazishwa tu kama ile taa. Akaunga waya wake kwa risasi ya kuyeyusha, akaufunika vizuri. Themostati nilikwenda kuitafuta mimi kwenye maduka ya spea pale mjini Bunda, duka la tatu nikaipata. Feni akairudisha kwenye njia yake, izunguke inapohitajika. Mrija wa dripu akautoa kwa vidole viwili akauweka pembeni, akavalisha mpira wa kweli. Mwisho akachomoa fyuzi moja, akaniambia nihesabu mpaka sitini, akairudisha.

"Washa."

Nikafungua swichi. Taa ikawaka. Nikapiga stata. Ikazima.

Nikaanza kushangilia, akanikatiza. "Bado. Hapo tumefuta kumbukumbu yake tu. Hata fundi wa uongo anaweza kufuta. Sasa panda nayo mlima wa kwenu. Kama ugonjwa upo itasema yenyewe. Na ikisema, mkwe, simama. Usichukue bisibisi."

Alikuwa amekwisha kufunga boneti, na alisema hayo ananitazama usoni. Nikamtazama na mimi. Hakuna aliyekufa.

Tukaondoka na mjukuu, tukapita Makutano tukakunja kwenda nyumbani. Tulipoanza kupanda nikaona mshale wa joto unapanda na sisi. Kwa miaka yote hiyo ulikuwa umelala chini, na feni inavuma mchana kutwa kama mashine ya kusaga. Sasa kimya. Mjukuu naye akasikia.

"Babu, mbona gari imenyamaza? Inaumwa?"

"Inafikiri," nikamwambia. Lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kwenda chini kutafuta swichi ya feni, na swichi haipo, mkwe ameing'oa. Mshale ukafika katikati. Nikasema hapa itachemka mbele ya mtoto. Mguu ulikuwa tayari kwenye breki. Ndipo mbele kule nikasikia vuuu, feni imeanza yenyewe, hakuna aliyeigusa. Mshale ukasimama. Baada ya muda feni ikazima yenyewe. Na ile taa ilikuwa giza, giza zuri, na safari hii si kwa sababu haina balbu.

Nikaimba mpaka nyumbani. Mjukuu akasema naimba vibaya.

Ijumaa nikawa wa kwanza kwenye foleni. Kijana yule yule.

"Shikamoo, mzee wa mahindi ya kuchoma."

"Marahaba. Kagua, leo sina haraka."

Akaingia, akafungua swichi. Taa zote zikawaka. Akapiga stata. Ya injini ikazima kwanza, ya oili ikafuata baada ya pumzi moja. Hazikuzima pamoja. Kijana akaitikia kwa kichwa polepole, nikajua kwamba kumbe naye alikuwa anaitazama ndoa. Ningekuja na kazi ya Nyasho angeniumbua mbele ya foleni nzima.

"Injini inanguruma vizuri. Nani katengeneza?"

"Mkwe wangu wa Bunda."

"Na Jumanne uliniambia taa imekufa kwa uzee."

"Nilikudanganya. Niliitoa mwenyewe."

Akanitazama muda mrefu. Nikafikiri nimejiharibia. "Mzee," akasema, "nakaguaga magari kila likizo. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hivyo." Akabandika stika kwenye kioo, akaipiga kwa kiganja mara mbili ishike.

Nikampigia mkwe simu hapo hapo. Kwenye simu nako hamuonani, ni kama boneti.

"Imepita, mkwe."

"Iambie gari hongera," akasema. "Na wewe hongera."

Mkwe hapokei malipo ya mkwe, na mimi sipokei bure, kwa hiyo Jumamosi alfajiri jogoo wangu alipanda basi la kwanza kwenda kwake Bunda. Jumatatu nikavuka geti la Mwisenge na watoto wote sita. Yule wa viti vya manyoya alikuwa nje anasubiri kuona. Nikampungia.

Kile kipande cha waya mkwe alinipa. Kiboksi nimekikaza, siku hizi waya unakaa wenyewe bila kushikwa. Kila Jumapili tukitoka kanisani nainua boneti, nauchomeka, nafungua swichi, nakaa ndani natazama. Gari ikiwa nzima haitoi namba. Inapepesa haraka haraka bila kupumzika, na mkwe ameniambia hiyo maana yake ni kwamba haina neno.

Mama watoto huwa anasimama mlangoni ananicheka. "Mzee wa darasa la pili, leo umehesabu ngapi?"

"Hakuna cha kuhesabu," namjibu. "Niletee chai."